Je, Kidhibiti Joto Chetu Kitupwe?

Naomba nafasi kidogo niseme neno juu ya jambo lililozungumzwa sana bwenini, jikoni, na hata njiani twendapo sokoni Mpondwe. Jambo lenyewe ni vifo vya vifaranga wa kambale wa chama chetu cha ufugaji wa samaki muhula uliopita. Wengi wamekwisha toa hukumu. Wako wasemao kile kidhibiti joto kitupwe, kwani ndicho kilichowaua. Wako wasemao kinunuliwe kingine cha bei kubwa. Mimi sikubaliani na hao wala hawa, na sababu zangu nitazieleza. Lakini kabla sijatoa shauri lolote yanipasa nikiri jambo moja: mkono ulioleta vifo vile ulikuwa wangu.

Kwa wale ambao hawajaingia katika chumba chetu cha samaki, nitaeleza kidogo. Nyuma ya maabara kuna tangi la kioo la lita 80, na humo ndimo tunamototolea mayai ya kambale na kuwalea vifaranga mpaka wafae kutiwa katika mabwawa ya watu. Kambale mkubwa ni samaki mvumilivu. Hukaa hata katika tope. Lakini yai lake na mtoto wake hutaka joto la kadiri lisilopandapanda wala kushukashuka. Mayai ya kambale yakiwa katika maji ya digrii 20 za Selsiasi hukaa kama saa 57 ndipo yaanguliwe. Yakiwa katika digrii 28 huanguliwa kwa muda wa kama saa 22 tu. Kadiri mayai yanavyokawia ndivyo ukungu unavyopata nafasi ya kuyaharibu.

Nasi hapa Karambi tumekaa miguuni pa Rwenzori. Mchana jua hutuchoma, lakini usiku upepo wa mlimani ukishuka, kila mtu hutafuta blanketi. Mto Lhubiriha wenyewe, unaotutenga na Kongo, hutoka huko huko juu kwenye baridi. Maji ya tangi hayana blanketi. Kwa hiyo tuna hita, nayo ni fimbo ya chuma ilazwayo ndani ya maji, yenye nguvu ya wati 300. Hita hiyo haina akili yoyote. Ukiitia umeme huwaka, ukiikatia huzima.

Akili imo katika kile kisanduku kidogo ukutani chenye tarakimu nyekundu. Hicho ndicho kidhibiti joto. Kutoka kwake umetoka waya mwembamba wenye ncha ya chuma, nasi katika chama tumezoea kuiita ncha hiyo “ulimi,” kwa kuwa ndiyo inayoyaonja maji. Tumekipangia digrii 27. Ulimi ukionja digrii 26.5, kisanduku huiwasha hita na taa yake nyekundu. Ukionja 27, huizima. Hufanya hivyo mchana na usiku, bila kusinzia na bila kudai posho.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, zamu yangu ya kupunguza maji machafu na kutia safi. Nilizima umeme, nikautoa ulimi ili mpira wa kunyonyea maji usije ukauvuta, nikautundika katika msumari ukutani. Nilipokuwa nikitia maji safi, kengele ya chakula ililia. Ninyi mnaijua kengele ile: atakayechelewa hukuta masufuria matupu. Basi nilimaliza upesi upesi, nikawasha umeme, nikaufunga mlango na kukimbia. Ulimi nikauacha umening'inia katika msumari.

Usiku ule palikuwa na baridi. Ulimi uliionja hewa ya chumba, ukaona digrii 19, na kisanduku kikaamini kwamba maji ndiyo yenye digrii 19. Kikaiwasha hita. Maji yakafika 27, kisha 30, kisha 35, na ulimi bado unaonja hewa ya ukutani. Saa kumi na mbili asubuhi nilipofungua mlango nilikutana na mvuke na harufu ambayo sitaisahau. Vifaranga karibu mia nane walikuwa wamelala chini ya tangi, weupe kama mchele. Mwalimu wetu alichovya kipimajoto cha maabara, kikaonyesha digrii 43. Nilipotazama kisanduku, tarakimu zake zilisema 19. Hakikusema uongo hata kidogo; pale msumarini palikuwa na digrii 19.

Mzee wetu askari wa usiku alikuja akasimama mlangoni, akatazama tangi kwa muda mrefu. Ndipo akaniambia, “Mwanangu, ile taa nyekundu niliiona. Nilipita dirishani mara tatu, nayo yawaka tu. Nikadhani ndivyo itakiwavyo.” Maneno hayo yaliniuma kuliko karipio la mwalimu. Mtu mwenye macho mazuri na nia njema alipita mara tatu karibu na hatari, naye hakuweza kuizuia, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweleza maana ya taa ile.

Tena samaki wale hawakuwa wetu tu. Mama mmoja mwenye bwawa huko bondeni alikuwa amekwisha toa arubuni, na bwawa lake amelichimbua, amelitia samadi na kulijaza maji. Ilinibidi niende mwenyewe nikamweleze. Hakugomba. Aliniuliza tu, “Sasa maji haya yote, mwanangu, niyafugie vyura?” Nilikosa jibu. Alikuwa ametegemea kuuza kambale kabla ya karo ya wanawe kudaiwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa natoa maoni yangu.

Wasemao kidhibiti kitupwe wamesahau tulivyoishi kabla yake. Zamani tulikuwa tukileta maji ya moto kutoka jikoni na kuyamimina tangini kwa kikombe. Jioni maji yalikuwa ya digrii 30, alfajiri yalikuwa 21. Kila juma tulizoa maiti kumi, ishirini, hata hamsini. Hakuna aliyeitisha mkutano kwa ajili ya vifo vile, kwa sababu vilikuja kidogo kidogo. Mtambo ukiua mara moja watu hupiga kelele. Mazoea yakiua kila siku watu huyaita bahati mbaya.

Na wasemao tununue kidhibiti cha fedha nyingi, nawauliza swali moja: ulimi wa kidhibiti hicho ukitundikwa katika msumari ule ule, kitafanya nini? Kitafanya vile vile kilivyofanya cha kwetu, ila kwa tarakimu nzuri zaidi. Mtambo wa namna hii hauyajui maji. Huujua ulimi wake tu.

Haja ya kudhibiti joto si mpya. Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyeishi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alitengeneza kiangulio cha mayai ya kuku kilichojirekebisha joto chenyewe. Mwaka 1830 Andrew Ure, mwanakemia wa Scotland, alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa kinachotumia vipande viwili vya madini vilivyoshikanishwa. Madini moja hutanuka kuliko nyingine yakipata joto, basi kipande hupinda. Kupinda huko hufungua au kuziba njia. Hita nyingi za matangi ya samaki zenye kitasa chao cha kupimia joto bado hutumia hila hiyo. Lakini kila njia ya umeme inapofungwa na kufunguliwa huruka cheche ndogo, na baada ya maelfu ya cheche zile ncha zaweza kushikana zisiachane tena. Hapo hita huwaka bila kukoma. Swichi iliyo ndani ya kidhibiti nayo yaweza kupatwa na ugonjwa huo huo. Kwa hiyo hata kama mimi nisingaliusahau ulimi, siku moja tungaliweza kukuta tangi linatokota. Ndiyo maana nasema kosa langu lilikuwa moja, lakini kosa la chama zima lilikuwa kuyaweka maisha mia nane chini ya mlinzi mmoja.

Basi yafaa tufanyeje? Mimi naona mambo matano.

La kwanza ni ulimi. Ulimi ufungwe ndani ya tangi mahali pawili, chini kabisa ya usawa wa maji, mbali na hita, mahali ambapo maji yatembea kwa nguvu ya pampu ya hewa. Ukiwa karibu mno na hita, utaonja joto la hita na kuizima kabla maji mengine hayajapata moto. Ukifungwa mahali pamoja tu, uzi ukioza utaelea au kutoka nje. Na mtu yeyote asiutoe kwa sababu yoyote. Anayetaka kunyonya maji na auzunguke.

La pili ni walinzi wawili. Tuiache ile fimbo isiyo na akili, tutumie hita yenye kitasa chake. Kidhibiti tukipange digrii 27, na kitasa cha hita tukipange 29. Siku zote kidhibiti ndicho kitakachofanya kazi, na kitasa kitangoja tu. Lakini swichi ya kidhibiti ikikwama, au ulimi ukitoka majini, hita yenyewe itajizima kwenye 29. Na kitasa kikikwama, kidhibiti kitakata umeme. Ili samaki wafe, sharti walinzi wote wawili waanguke usiku mmoja, na jambo hilo ni gumu kutokea. Tena tusikibane kidhibiti kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya digrii, kiwe kinawasha na kuzima kila dakika. Nusu digrii au digrii nzima haimdhuru kambale, na swichi itaishi miaka zaidi.

La tatu ni ukubwa wa hita. Hapa nawaomba wenzangu wa fizikia wachukue kalamu. Kupasha lita moja ya maji digrii moja hutaka kilojuli 4.2. Lita 80 hutaka 336. Hita ya wati 300 hutoa kilojuli 1,080 kwa saa, yaani yaweza kupandisha tangi letu zaidi ya digrii 3 kila saa, ukiacha joto linalopotea hewani. Hita ya wati 100 hutoa kilojuli 360 tu, kama digrii moja kwa saa, na maji yakizidi kupata moto joto linalopotea huongezeka mpaka likawa sawa na linaloingia. Hatukuishia kwenye hesabu. Tuliazima hita ya wati 100, tukaitia katika tangi lile lile bila samaki, tukaiacha iwake usiku kucha bila kidhibiti. Asubuhi maji yalikuwa digrii 30. Wasomaji, tafakarini hayo. Kwa kosa lile lile langu, na msumari ule ule, vifaranga mia nane wangaliamka hai. Hita kubwa ikikosea huua kabla hujaamka; hita ndogo ikikosea hukupa nafasi ya kutubu. Na usiku ukiwa wa baridi kali, afadhali kulifunika tangi kwa kifuniko na kulizungushia gunia kuliko kuongeza wati.

La nne ni umeme, na hapa sisemi tena juu ya samaki bali juu yetu wenyewe. Asubuhi ile mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alitaka kutia mkono majini aone joto, hali hita ilikuwa bado inawaka. Mwalimu alimpigia kelele nasi sote tukashtuka. Maji na umeme si ndugu. Kabla ya mkono kuingia tangini, plagi itoke ukutani. Hita iachwe ipoe robo saa kabla maji hayajapunguzwa, kwani hita ya kioo ikiwaka nje ya maji hupasuka, na ya chuma huungua. Soketi iwe juu ya usawa wa maji, na waya uning'inie chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili matone yanayotambaa juu yake yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye plagi. Waya wa ardhini usikatwe. Tena chumba kile kiwekewe ile swichi inayokata umeme mara unapovuja. Ya miliampia 30 ndiyo itumiwayo kulinda watu. Bila hiyo, mimi nasema chumba kifungwe hata kama samaki watakufa wote.

La tano ni macho ya watu. Kipimajoto cha kioo kiwe ndani ya tangi daima, mbali na ulimi, ili tuweze kulinganisha maneno ya kisanduku na maneno ya maji. Mwenye zamu aandike namba zote mbili katika daftari, asubuhi, jioni, na saa tatu usiku kabla ya kulala. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii moja, amwite mwalimu. Umeme ukikatika na kurudi, kama tulivyozoea wakati wa mvua za radi, mtu aende akatazame kama kisanduku bado kinakumbuka 27. Na askari wetu wa usiku aelezwe kila kitu kama mwanachama kamili. Mimi nimekwisha mweleza. Tumetia alama ya rangi nyekundu kwenye kipimajoto mahali pa digrii 30, na tangi tumeligeuza ili alama ionekane dirishani kwa mwanga wa kurunzi. Akiona maji yamepita alama, anao ufunguo, naye anajua plagi ya kuvuta. Juzi aliniambia, “Sasa nami nina ng'ombe wa kuchunga.”

Najua atatokea mtu aseme, “Haya yote kwa ajili ya samaki?” Namjibu hivi. Katika Ziwa Victoria walikuwako samaki wadogo wa aina nyingi mno, wanaoitwa furu, na Waganda huwaita nkejje. Sangara aliingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, ingawa sangara hakuwa sababu pekee. Baadhi ya aina zilizokwisha kuwa adimu zimetunzwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, mbali sana na maji ya nyumbani kwao, katika nchi ambako maji ya nje huganda kwa baridi. Huko hita ndogo na kidhibiti chake ndivyo jua la ziwa zima. Anayeacha ulimi msumarini katika chumba cha namna hiyo haui vifaranga mia nane tu. Aweza kufuta jina la kiumbe duniani. Kazi yetu ya Karambi ni ndogo kuliko hiyo, lakini adabu yake ni ile ile.

Wengine watasema gharama. Kweli, hita yenye kitasa na swichi ya kukata umeme zataka fedha, nami naiomba kamati izitoe. Lakini hesabuni: uzi wa kufungia ulimi si kitu, daftari tunalo, rangi nyekundu tuliipata kwa fundi bila malipo, na kumweleza mzee wetu askari kulinigharimu nusu saa. Mambo mengi ambayo yangaliokoa samaki wale hayakutaka fedha. Yalitaka sisi tufikiri kabla ya kengele ya chakula.

Kwa hiyo shauri langu kwa kamati ya shule ni hili: kidhibiti joto kibaki. Kisitupwe, wala kisiabudiwe. Ni mtumishi mwaminifu anayesema kweli juu ya mahali tulipomweka. Tumweke mahali pa kweli, tumpe mwenzake wa kumsaidia, na tusiache kumtazama.

Yule mama wa bondeni amekubali kungoja. Arubuni yake hakuidai. Alisema atakuja mwenyewe kuwaona vifaranga kabla ya kulipa salio. Hivi sasa wana siku tisa. Jana usiku saa tatu kisanduku kilisema 27, na kipimajoto cha kioo kilisema 27. Nimeandika namba zote mbili. Na ule msumari ukutani, wasomaji wenzangu, nimeung'oa kwa mkono wangu mwenyewe.